VA (idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani) wamekukatalia fidia: fomu 0995 au 0996?

Nyinyi mliotumikia jeshi la Marekani mkarudi zenu Mombasa, VA wakikataa fidia ya ulemavu msijaze fomu yoyote tu. 20-0996 afisa wa juu anapitia faili upya, ushahidi mpya hapokei hata chembe, so hiyo ni ya kosa lao wenyewe, mfano ripoti ya goti ilikuwemo na hawakuisoma, na waweza omba simu moja umwonyeshe kosa (saa zao lakini, huku ni alasiri hadi usiku). 20-0995 ndo ya mwenye kitu kipya, barua ya daktari inayounganisha goti na jeshi, na mi naona wengi mko hapa. Yoyote ile, peleka kabla mwaka 1 haujaisha tangu barua ya kukataliwa, la sivyo tarehe ya kuanzia malipo ya nyuma inapotea.