Tangi la presha na pampu nyumbani Shangani, Mtwara: uzoefu wangu

Nyumba yangu haina ghorofa, na maji ya bomba yakitoka yanaingia kwenye simtanki la lita 2,000 lililokaa chini. Majirani wengi wamejenga minara ya kuinulia simtanki. Mimi sikuona faida yake: kimo cha mita 10 ndicho kinachokupa baa 1 ya presha, kwa hiyo mnara wa mita 3 unakupa baa 0.3. Ndoo itajaa, ila bomba la mvua litatiririka kivivu na hita ya kuogea inaweza kugoma kuwaka.

Nikafunga pampu ya nusu hospawa, swichi ya presha na tangi la presha, yaani tangi la chuma lenye maji na upepo uliobanwa unaoyasukuma maji hata pampu ikiwa imezima. Swichi inaiwasha pampu presha ikishuka hadi baa 1.5, inaizima ikifika 3. Kuoga sasa ni raha, sina ninachokilalamikia hapo.

Dukani muuzaji alining'ang'aniza tangi la lita 24 kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa, na ningekataa tena. Tangi la lita 24 halikupi lita 24, maana sehemu kubwa ni upepo; kwa presha hizo linatoa kama lita 8 tu, kisha pampu inawaka tena. Vyombo vya chakula cha mchana havijaisha kuoshwa, imeshawaka mara kadhaa, na pampu huchoshwa na kuwaka na kuzima kuliko kufanya kazi mfululizo. La lita 100 nililochukua linatoa lita 30 na ushei.

Fundi alifunga mabomba vizuri, halivuji hata moja, lakini upepo wa tangi hakuupima kabisa. Ndani mna mpira unaobeba maji, na upepo uko kati ya mpira na chuma. Wetu ulikuwa pungufu mno, pampu ikawa inawaka na kuzima kama indiketa ya bajaji. Aliyetuokoa ni kijana wa gereji ya pikipiki, kwa sababu kinywa cha upepo ni kilekile cha tairi. Unazima pampu, unafungua koki mpaka maji yaishe, ndipo unapima. Tangi likiwa na maji, geji itakusomea presha ya maji. Kwa swichi ya 1.5, jaza baa 1.3. Sasa napima mwenyewe kila baada ya miezi kadhaa.

Msisahau valvu ya kuzuia maji kurudi, na floti ya kuzima pampu ndani ya simtanki ili isizunguke kavu maji yakiisha. Na pampu ivute kwenye simtanki, si kwenye bomba la mamlaka moja kwa moja: ukivuta huko unamnyima jirani, na bomba likiwa na ufa unanyonya uchafu wa ardhini.

Umeme ukikatika, tangi linatusogeza kidogo, halafu tunarudi kwenye koki ya nje iliyowekwa chini kabisa ya simtanki. Nyumba isiyo na koki hiyo itabaki kavu na maji yamejaa uani.

Kasoro kubwa kwetu wa pwani ni chumvi. Rangi ya tangi imeanza kubanduka kwenye maungio, na skrubu za kifuniko cha swichi zimeshika kutu. Nimelijengea kibanda cha tofali chenye matundu, nikapaka rangi ya kuzuia kutu. Anayejenga karibu na bahari aweke bajeti ya kibanda tangu mwanzo.