Miwani ya VR ya mafunzo ya LOTO: alama 100 kwa fundi ambaye hajapima umeme

Nimeandika hapa nikiwa na hasira. Programu ya miwani ya VR, ile inayomfanya mtu ajione yupo ndani ya karakana ya kuigiza, ikimpa fundi alama 100 kabla hajahakikisha kwamba umeme umekatika haistahili kuuzwa kwa jina la usalama.

Tuliinunua kwa mafunzo ya kufuli na lebo, LOTO kama tunavyoiita viwandani, yaani kukata umeme wa mashine na kufunga swichi yake kwa kufuli ili mtu asiiwashe wakati fundi yuko ndani, upande wa mikanda ya konveya. Zamu zote zimeshapita humo. Sifa za miwani yenyewe mtazipata kwa muuzaji yeyote, sina neno nazo. Neno langu ni hili moja.

Fundi akiwa ndani ya miwani anazima konveya kwa kitufe, anaiendea aizoleta, swichi kuu inayokata umeme wa mashine, anashusha mkono wa swichi hiyo, anatundika kufuli. Papo hapo kengele inalia, tiki ya kijani inawaka, kizuizi cha rola kinafunguka chenyewe na sauti inampongeza. Kitufe cha kuwashia hajakijaribu. Testa, kifaa cha kupimia umeme, hajaishika. Hatua ya kupima imo kwenye menyu, ila ukiiruka hukatwi hata alama moja!

Mkono wa aizoleta ukiwa chini si ushahidi wa kitu. Visu vya ndani vikiungua na kugandana, mkono unashuka vizuri huku fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, ikibaki hai. Kuna paneli ambazo lebo zimepishana: kufuli umeliweka kwenye konveya namba 3, mkono unauingiza namba 4. Kuna mitambo yenye njia mbili za umeme, na jenereta ikiwa inawaka inarudisha umeme kutoka upande wa pili. Makosa kama haya hugunduliwa pale pale kwenye hatua ya kupima, ambayo watengenezaji wa programu wameifanya ya hiari.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu. Kwanza unabonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine isipoamka, unakirudisha kwenye hali ya kuzima. Kisha unaijaribu testa kwenye umeme unaojua upo, maana testa mbovu nayo inaonyesha sifuri. Unapima fezi kwa fezi mara tatu, halafu kila fezi na ethi, waya wa ardhini, mara tatu. Vipimo sita. Halafu unairudisha testa kwenye ule umeme ulio hai kuona kama bado inasoma. Kwenye programu hii, kipimo cha sifuri kinakubaliwa hata ncha za testa zikiwa hewani, umbali wa kiganja kizima kutoka kwenye nyaya.

Nilipompigia aliyetuuzia, nikamweleza haya yote, akanijibu: "Bosi, mafunzo ni mafunzo tu, wakifika kazini wataongeza wenyewe." Halafu akasema kupima kwa lazima kupo kwenye toleo la bei ya juu. Yaani hatua inayomtenganisha fundi na jeneza imewekewa bei yake peke yake! Na hawataongeza wenyewe. VR tumeichukua kwa sababu mwili unakumbuka ulichokifanya kwa mikono, na mtu aliyerudia mara kumi kutundika kufuli na kuingia, kazini atatundika kufuli na kuingia.

Tangu siku hiyo hata mambo madogo yananichoma. Kufuli ni moja kwa timu nzima na halina jina, wakati kila anayeingia anatakiwa kuwa na kufuli lake na ufunguo mfukoni mwake, yote kwenye komeo moja lenye matundu. Kutembea ni kwa kusukuma kijiti cha rimoti, macho yanaona mwendo ambao mwili hauusikii, na baada ya dakika kumi na tano watu wanavua miwani wakiwa na kichefuchefu. Kwenye karakana yenye ukuta mtupu na mwanga hafifu, kamera za miwani zinazofuatilia mahali ulipo zinakosa cha kushika na sakafu inahama chini ya miguu. Jua nalo mlichunge: likipenya kwenye lenzi, kioo cha ndani kinaungua.

Nilitaka kuandika msinunue. Lakini kuna kipande kimoja cha programu siwezi kukisema vibaya. Umeme umeshakatwa, fundi anakata kiungo cha mkanda bila kufunga mnyororo kwenye uzito unaoukaza. Uzito unaporomoka, mkanda unachomoka na kupita mbele ya uso wake. Mafundi wa miaka mingi wanaruka nyuma, mikono juu. Darasani somo la nguvu iliyobaki kwenye mashine huwa wanalisinzilia; baada ya kipande hiki wanauliza wenyewe habari za hewa iliyobaki kwenye silinda, na dakika ngapi za kusubiri umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita za invata, kifaa kinachoongoza kasi ya mota, ushuke. Jambo hilo huwezi kulionyesha kwenye mashine halisi bila kuua mtu.

Kwa hiyo miwani haturudishi. Tunaitumia kwa kipande hicho peke yake, kisha fundi anaivua na kusimama mbele ya paneli ya mazoezi akiwa na testa halisi, kufuli lenye jina lake, na vipimo sita anavyovitaja kwa sauti. Alama za programu haziingii kwenye faili la mtu yeyote. Malipo ya mwaka wa pili nimeyazuia mpaka kengele ile ilie baada ya kipimo cha mwisho.