Kubadili kava la mbele la Harley-Davidson ya safari: lipi linunuliwe kwanza

Kabla ya kutazama umbo la kava (fairing), tazama linashikwa wapi. Batwing, ile ya Electra Glide na Street Glide, hukaa kwenye foki na kugeuka pamoja na usukani. Sharknose ya Road Glide hufungwa kwenye shingo ya fremu, kwa hiyo usukani hugeuka peke yake nyuma yake. Uzito ukiwa kwenye fremu, upepo wa pembeni hauvuti mikono sana. Ukiwa kwenye foki, kila kilo ya spika na redio unaibeba kwa mikono kwenye kona za polepole.

Kwa mwenye Road King, ambayo huja bila kava la namna hii, chaguo la kwanza ni batwing ya kuchomoa. Mita za Road King ziko juu ya tangi na taa yake kubwa inabaki palepale, hivyo hukati waya hata mmoja. Vishikio mara nyingi huuzwa mbali na kava, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

La pili, na ndilo bora kwa anayetaka mabadiliko ya kudumu, ni seti kamili iliyotoka kwenye pikipiki ya kizazi kilekile. Kamili maana yake kava la nje na la ndani, breketi (vyuma vya kushikilia kava), taa, kioo cha upepo, mita, waya zenye soketi zisizokatwa, na boliti zake. Kava tupu hupatikana kirahisi. Vidude vya ndani ndivyo vinavyomaliza pesa. Mwaka ni muhimu mno. Vya hadi 2013 havikai kwenye vya 2014 na kuendelea, na mwaka huo umeme wa pikipiki hizi ulihamia mfumo wa CAN, ambapo vifaa huwasiliana kwa ishara za kidijitali kwenye waya za pamoja, kwa hiyo mita za zamani haziwasiliani nao. Road Glide haikutolewa mwaka wa modeli 2014, hivyo ukiambiwa “sharknose ya 2014” uliza zaidi. Mita ya spidi iliyotumika huja na umbali wa pikipiki ilikotoka. Geuza kava, mulika masikio ya boliti (sehemu zenye matundu ya kufungia) kwa upande wa ndani: nyufa za plastiki ya ABS huanzia hapo, na rangi mpya huzificha.

Kit, yaani seti ya vifaa vya kuhamishia sharknose, ni ya tatu. Inafaa, ila breketi ya shingo ndiyo roho yake. Ikiwa nyembamba, kava litatetemeka hadi masikio yakatike. Usinunue kit isiyotaja miaka ya pikipiki inazokubali.

Ganda tupu la faibaglasi liwe la mwisho. Matundu mara nyingi hayalingani na kingo zinahitaji msasa. Lifunge kavu kwanza, bila rangi, na boliti zote zishike kwa vidole kabla ya spana. Ukilipaka kabla ya hapo, utatoboa rangi mpya. Ukitoboa, bandika tepu, anza na biti ya milimita 3, kisha panua.

Siku ya kufunga, toa waya hasi ya betri na upige picha kila soketi. Waya zinazopita shingoni ziachiwe ulegevu: zikibanwa hapo, kila kugeuza usukani kunazikunja mahali pamoja hadi zikatike ndani ya mpira wake, na utahangaika na taa inayozima kwenye kona tu. Kisha inua gurudumu la mbele, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Paipu ya breki isivutike, leva zisiguse kava, batwing isiguse tangi. Kama umeongeza uzito kwenye foki, beringi za usukani zipimwe upya kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Zikilegea, pikipiki huyumba kwa mwendo mkubwa. Taa kubwa ielekezwe upya usiku huohuo, na boliti zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi.