Manifoldi ya Vespa PX: kabla hujatoa pesa, ilaze juu ya kioo

Mwaka jana Vespa yangu ilinifungia tairi la nyuma pale Maruhubi, hapa Unguja, asubuhi, natoka Bububu kwenda kazini. Mlio ulipanda peke yake kama nimevuta mafuta, na mkono wangu umeshaachia. Kufumba na kufumbua injini ikanata. Nikabana klachi, nikaserereka mpaka kando ya barabara, roho mkononi. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe alipofungua plagi alinionesha bila kusema kitu: nyeupe kama chaki. Pistoni imechubuka upande wote wa ekzosi. "Dada, chombo kilikuwa kinakunywa hewa," akaniambia.

Hewa yenyewe ilipita chini ya manifoldi, kile kipande kinachounganisha kabureta na injini, niliyoinunua miezi miwili nyuma kwa shilingi 190,000, ndani ya boksi lenye bendera ya Italia. Siku ya kununua nilikagua upana wa tundu, nikajaribu kabureta kama inaingia, nikatazama alumini inavyong'aa. Kitako chake, yaani uso unaokaa juu ya injini, sikukitazama. Tangu hapo nimeulizwa na watu wengi wanunue ipi, na karibu wote wananitajia milimita na nguvu za farasi. Hakuna anayetaja kitako.

Na kitako ndicho kila kitu. Injini ya PX ni ya mipigo miwili, inavuta hewa, petroli na oili kwa pamoja kupitia kwenye krenki. Kitako kikipinda hata unene wa karatasi, hewa inaingia kwa wizi bila petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na papo hapo ulainisho unapungua, maana oili ya injini hii inasafiri na hiyo petroli. Dalili ya mwanzo ni mlio wa injini usiotaka kushuka ukiachia mafuta. Mie niliiona dalili hiyo wiki nzima, nikadhani ni kebo.

Kwa hiyo nenda dukani na kipande cha kioo cha dirisha, kiganja kimoja kinatosha. Laza kitako juu yake, bonyeza pembe moja baada ya nyingine. Ikicheza, mrudishie mwenyewe. Isipocheza, inua kioo usawa wa jicho uelekee kwenye mwanga, na kama una fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, jaribu kupitisha ulimi wa milimita 0.05. Ukipita, hiyo manifoldi haifai hivyo ilivyo. Kasoro ndogo inasawazishika nyumbani: bandika msasa namba 400 juu ya kioo, tia mafuta kidogo, sugua kwa kuchora namba nane mpaka uso mzima uwe rangi moja. Muuzaji akikwambia utaikwaruza mali yake, muage. Yangu ile nilipoilaza juu ya kioo baada ya ajali, katikati palipita ulimi wa 0.20 bila kusukuma.

Sasa nachagua, na nasema wazi kuwa mie ni mtu wa Polini, kampuni ya spea za kukimbizia. Silinda yangu ni Polini 177 ya chuma cha kusubu, kipenyo cha ndani milimita 63, na kwa chombo cha kwenda kazini siku sita na kukimbizana kwenye uwanja uliofungwa siku ya saba, naweka mbele manifoldi ya Polini ya rotari pamoja na kabureta ya Dell'Orto PHBH 28, yenye njia ya milimita 28. Haikulazimishi kukata kitu ndani ya injini. Krenki yenyewe, na hiyo ndiyo maana ya rotari, inaendelea kufungua na kufunga mlango wa hewa kama Piaggio, watengenezaji wa Vespa, walivyokusudia tangu PX ilipotoka mwaka 1977. Vijana wananiambia nitie 30. Kwa mita 402 za kunyooka sawa, lakini kwenye foleni ya Darajani njia pana inaifanya hewa itembee polepole, petroli haichambuki, chombo kinakohoa kila ukitaka kuondoka.

Jambo moja usilisahau hapa. Kama PX yako ina pampu ya oili, oili ile inapita kwenye kabureta ya asili, ya SI. Ukiweka PHBH, njia hiyo imekatika. Ziba tundu lake vizuri, na kuanzia siku hiyo changanya mwenyewe: mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Nina jamaa kafunga manifoldi nzuri kabisa akaua injini kabla ya kufika Fuoni, kwa sababu hii tu.

Ya pili ni kutotumia manifoldi kabisa: SI 24 ya Dell'Orto, au Spaco ya India, ikae kwenye boksi lake la asili. Filta inabaki ndani, mchanga wa pwani hauingii, pampu inafanya kazi. Kwa anayekimbiza mara mbili kwa mwaka, hii inamtosha. Kasoro ni ileile ya kitako: mafundi wetu wanazikaza zile nati mbili kama wanafunga ringi ya lori, kabureta inapinda, hewa inaingia na slaidi inang'ang'ania. Kaza kidogo huku, kidogo kule, simama mkono ukihisi imeshika.

Manifoldi ya Malossi ya vilimi, ambamo vilimi vyembamba ndivyo vinavyofungua na kufunga njia ya hewa badala ya krenki, naiweka ya tatu, ingawa uwanjani ndiyo kali kuliko zote. Inataka ukate uso wa mlango wa rotari, na ukishakata hurudi nyuma. Kwa injini ya pili, ya mashindano tu, inunue.

Kopi za bei rahisi: kioo kwanza, na uhesabu pesa ya msasa.

Kinachoniuma ni kwamba ile yangu sikuuziwa kwa bei ya kopi. Nilidaiwa bei ya Italia, nikaambiwa usafiri wa kutoka Dar, nikaambiwa ushuru, na niliporudi nayo mkononi pamoja na pistoni iliyochubuka nikaambiwa kitu cha umeme na kitu cha injini havirudishwi. Manifoldi ina umeme gani? Risiti iliandikwa "spea" tu, bila jina wala namba. Siku hizi sitoi shilingi mpaka risiti itaje kampuni, namba ya kifaa na neno "orijino", na mwenye duka atie sahihi mbele yangu. Wawili wamekataa kuandika. Wa tatu, Mlandege, aliandika, kisha akaniazima kioo cha kaunta yake nilazie kitako.