Notsi za historia ya elimu, Darajani: zanunulika, ila ukurasa wa Carnegie urekebishwe

Notsi hizi za wanachuo wa ualimu zimebanwa kwa pini mbili tu. Kurasa za kati hung'oka mapema, bora kuzitia spairo. Sehemu ya Horace Mann, mwanamageuzi wa elimu wa Marekani, imekaa sawa: ukatibu wa bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts 1837, ziara ya Prussia (dola ya Kijerumani ya zamani) 1843, sheria ya mahudhurio ya lazima 1852. Walipoharibu ni kwa wenye viwanda. Eti Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, "alipanga vipindi" vya skuli. Siye! Wakfu wake, ulioanzishwa 1905, ulitoa pensheni za wahadhiri kwa sharti: chuo kidai waombaji masomo ya sekondari yaliyohesabiwa kwa saa, takriban 120 kwa somo kwa mwaka. Basi skuli nazo zikahesabu masomo kwa saa: pensheni ndiyo iliyopiga kengele ya skuli. Rockefeller, tajiri wa mafuta, na bodi yake ya elimu ya 1902 wamepewa mistari miwili, ubahili gani huo? Zanzibar imo: elimu bila malipo, 23 Septemba 1964.