Haute Cabrière Chardonnay Pinot Noir na samaki wa kupaka, nimejaribu

Wadau hii waini nimeshakunywa chupa tatu kwa hiyo naongea kitu nilichoonja mwenyewe. Ni waini nyeupe, inaitwa Haute Cabrière, inatoka Franschhoek Afrika Kusini, bonde lililozungukwa na milima si mbali na Cape Town, ndo kule Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini walifika 1688 wakapewa ardhi, na shamba lenyewe la Cabrière lilitolewa 1694. Wamechanganya zabibu mbili, Chardonnay nyeupe na Pinot Noir nyeusi, hizohizo zinazotumika kwenye shampeni.

Watu wananiuliza zabibu nyeusi inatoaje waini nyeupe, ni hivi, rangi iko kwenye ganda, ukikamua haraka ukatoa maganda juisi inabaki karibu haina rangi. Ila mimina kwenye glasi uweke karatasi nyeupe nyuma yake, utaona kawekundu ka mbali sana, kama maji ya mwisho ya kusuuzia rozela. Utamu wa sukari karibu hamna. Inaanza na ndimu, halafu inakuja harufu ya stroberi, na ina uchachu unaoamsha mate.

Sasa chakula, maana hapa ndo nimeipenda kweli. Nilichukua samaki aina ya changu pale soko la Feri nikamtia ndimu, kitunguu saumu na chumvi, nikambanika kwenye mkaa, halafu tui zito lenye bizari nikampaka mara mbili mpaka ngozi ikashika rangi na tui likaanza kuunguaungua pembeni. Tui lina mafuta, linabaki ulimini, tonge la tatu la nne unakuwa huonji samaki tena unaonja nazi tu, ukipiga funda moja la hii waini mdomo unasafishika na tonge linalofuata unakuta tena ule moshi wa mkaa. Kwa wali wa nazi hivyohivyo. Kamba wa kitunguu saumu pia safi sana, na kuku wa kuchoma anakubali, nadhani ni ile Pinot Noir inayoipa uzito kidogo.

Pilipili mbuzi hapana. Nilijaribu na kachumbari ya pilipili mdomo ukawaka mara mbili, kilevi kinachochea ule moto na ladha ya waini yote inapotea. Mishikaki ya ng'ombe nayo inaimeza kabisa.

Chupa ya pili iliniuma. Niliinunua duka moja mjini, walikuwa wameipanga rafu ya dirishani inayopigwa na jua la mchana, kufungua rangi imeenda kahawia na inanuka kama tufaa lililopikwa, nikairudisha wakagoma kunibadilishia. Pesa yenyewe si ndogo jamani. Kwa hiyo sasa nakagua rangi kwanza na naomba iliyo ndani ya katoni stoo, muuzaji akinuna anune.

Kuipoza, friji masaa matatu yanatosha, usiiache mpaka ikawa barafu maana ile harufu ya stroberi husikii tena, itoe dakika kumi kabla ya kula, na kwa joto letu hili la Dar mimina kidogokidogo chupa irudi kwenye ndoo ya barafu.

Jumamosi naijaribu na kaa wa nazi, mvuvi wangu nimeshampigia na chupa nimeshailaza kwenye friji.