Uprofesa wa saikolojia ya shule Marekani: nyota 3.5, na saa ambazo tangazo halizitaji

Tunachokipima hapa ni ajira: nafasi ya profesa msaidizi wa saikolojia ya shule, fani inayoandaa wataalamu wa kupima na kusaidia watoto shuleni, katika chuo kikuu cha Marekani, ile yenye njia ya kufikia ajira ya kudumu. Tumeipa nyota 3.5 kati ya 5. Uhuru wa kuchagua unachokitafiti ni wa kweli, wanafunzi wake hupata kazi, na soko liko upande wa mwombaji. Nyota moja na nusu iliyokatwa ni kwa sababu ya saa za kazi. Kazi hii hubeba mzigo wa mafunzo kwa vitendo ambao wenzako wa saikolojia ya jamii au ya utambuzi hawaujui, na mzigo huo hauhesabiwi vizuri siku ya kupandishwa cheo.

Tuanze na soko, kwa kuwa hapo mambo ni mazuri. Wengi wanaosomea fani hii huishia ngazi ya utaalamu, iliyo juu ya shahada ya uzamili na chini ya uzamivu, kisha huingia shuleni moja kwa moja. Chama cha taifa cha wanasaikolojia wa shule, NASP, hupendekeza mwanasaikolojia 1 kwa wanafunzi 500, na wilaya nyingi za shule ziko mbali na kiwango hicho, kwa hiyo hata wenye uzamivu huvutwa na shule, hospitali na kliniki. Wanaobaki kugombea uprofesa ni wachache. Si ajabu kuona nafasi imetangazwa, ikakosa mtu, ikatangazwa tena mwaka unaofuata. Mwombaji aliyejiandaa ana nguvu ya kujadiliana ambayo mwenzake wa historia au falsafa anaiota tu.

Nafasi zenyewe huja kwa namna tatu, na kuzichanganya ndilo kosa kubwa la waombaji. Ya kwanza iko katika chuo cha utafiti wa daraja la juu, R1. Tangu 2025 daraja hilo hudai chuo kitumie angalau dola milioni 50 kwa mwaka kwenye utafiti na kitoe shahada 70 za uzamivu za utafiti. Huko utafundisha kozi 2 kwa muhula na kusimamia tasnifu. Ya pili iko katika chuo cha mkoa chenye programu ya ngazi ya utaalamu peke yake: kozi 3 au 4 kwa muhula, makala chache zinadaiwa, hakuna tasnifu. Ya tatu ni uprofesa wa kliniki, wa mkataba unaohuishwa, bila ajira ya kudumu. Anayependa kufundisha na kuona watoto wakihudumiwa mara nyingi ataishi vizuri zaidi katika ile ya pili. Heshima ya R1 haikusaidii kusahihisha usiku fomu za vipimo zilizojazwa na wanafunzi wako.

Na fomu zenyewe ndizo kiini cha uhakiki huu. Kila programu ina kozi ya upimaji wa akili na ya upimaji wa stadi za masomo, na mara nyingi mgeni ndiye hukabidhiwa. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni sanduku la kipimo. Chukua darasa la wanafunzi 12, kila mmoja akitakiwa kufanya upimaji mara 6 kwa WISC-V, kipimo cha akili cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Hizo ni fomu 72. Ukiipitia kila moja kwa dakika 45, umetumia saa 54. Ukitazama na video ya saa moja kwa nusu ya fomu hizo, ongeza saa 36. Jumla ni saa 90, yaani saa 6 kila wiki kwa muhula wa wiki 15, kabla hujaandaa mhadhara wowote. Kwenye hati ya mzigo wa kazi, kozi hiyo inaandikwa krediti 3, sawa na kozi ya mihadhara yenye mtihani mmoja wa kuchagua jibu.

Kwa nini usipitie haraka haraka? Kwa sababu makosa yamejificha katika mambo madogo. Mwanafunzi hukosea kukokotoa umri: anapokopa mwezi, mwongozo unataka siku 30, yeye anahesabu 31. Anaanzia swali lisilo la umri wa mtoto. Mtoto akikosa maswali ya kuanzia, anasahau kurudi nyuma. Anasahau kuongeza alama za maswali ya awali ambayo hayakuulizwa lakini yanahesabiwa kuwa yamejibiwa. Katika sehemu za msamiati na mfanano, hamwombi mtoto afafanue jibu lililo nusu, anampa 0 na kuendelea. Anaacha kuuliza mapema mno, au anaendelea baada ya kikomo. Makosa mengi ni ya pointi 1 au 2 za alama ghafi. Yakikusanyika, jumla ya mwisho husogea, na mtoto aliye karibu na alama 70, mstari unaotumika kutambua ulemavu wa akili, anaweza kuangukia upande usio wake. Jina lililo kwenye kozi ni lako. Hakuna njia ya mkato ya kimaadili hapa. Upimaji wa kwenye kompyuta kibao hupunguza makosa ya kujumlisha, lakini hauwezi kusikia kwamba mwanafunzi hakuomba ufafanuzi.

Dawa zipo, ila zinataka fedha au watu: msaidizi wa kufundisha aliyekwisha kufaulu kozi hiyo, orodha moja ya ukaguzi inayojazwa na mwanafunzi kabla hujaishika fomu, kubadilishana fomu kati ya wanafunzi kwa mzunguko wa kwanza, na kupunguza idadi ya upimaji kwa atakayefikia kiwango mapema. Programu isiyo na hata moja kati ya hizi inanunua kwako kozi mbili kwa bei ya moja.

Nje ya darasa kuna usimamizi wa wanafunzi walioko shuleni. Viwango vya NASP vya 2020 vinataka ngazi ya utaalamu iwe na angalau krediti 60 na uanagenzi wa saa 1,200, ambazo 600 kati yake ziwe shuleni. Uzamivu ni krediti 90 na saa 1,500. Mwanagenzi hupata msimamizi wa kituo, lakini chuo hakijitoi: kuna mikataba na wilaya, ziara, tathmini za katikati na mwisho, na zile simu za saa kumi jioni mwanafunzi anapokutana na kesi ya mtoto anayetaka kujidhuru. Kazi hiyo mara nyingi huandikwa chini ya «huduma kwa idara», kapu ambalo kamati ya kupandisha vyeo hulitazama mwisho.

Programu yenye ithibati ya NASP hupaswa kuwa na wahadhiri wasiopungua 3 wa muda kamili, na uwiano usiozidi wanafunzi 12 kwa mhadhiri 1. Uliza mapema nani anahesabiwa. Kuna vyuo hujaza idadi kwa mtu aliye nusu idara nyingine, kisha wawili waliobaki wanabeba kila kitu. Uliza vilevile nani ni mratibu wa programu na amebakiza miaka mingapi. Viwango vinataka mratibu apunguziwe angalau asilimia 25 ya mzigo, lakini nafuu hiyo haitoshi kwa anayeandika ripoti ya ithibati, na profesa msaidizi anayepewa uratibu mwaka wake wa pili amepewa sababu nzuri ya kukosa ajira ya kudumu. Hili tunalisema bila kupepesa: kataa, hata ukiombwa kwa upole.

Utafiti. Hapa kazi ni tamu na kalenda ni katili. Ukishapata kibali cha kamati ya maadili ya chuo, unahitaji cha wilaya ya shule, na wilaya nyingi zina vipindi maalumu vya kupokea maombi. Mwaka wa shule unaonekana mrefu mpaka uondoe wiki za kufungua, sikukuu za Novemba na Desemba, mitihani ya jimbo majira ya kuchipua na wiki za kufunga. Zinazofaa kukusanyia data ni kuanzia Oktoba hadi katikati ya Desemba, na mwishoni mwa Januari hadi Machi. Chukua utafiti wa wanafunzi 3 wanaoanza afua, yaani msaada unaojaribiwa, kwa kupishana, kila awamu ikiwa na vipimo 5 kama viwango vikali vinavyotaka. Mwanafunzi wa tatu, kwa kuwa husubiri wawili walio mbele yake waanze kwanza, atahitaji takriban vipimo 15 kabla ya afua na 5 baada ya kuianza. Kwa vipindi 3 kwa wiki, hizo ni wiki 7 zisizo na utoro, homa wala theluji. Anayeanza mwishoni mwa Februari atakutana na likizo ya Machi katikati ya awamu, na wahakiki wa jarida hawatamhurumia.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Faili la ajira ya kudumu hupelekwa mwanzoni mwa mwaka wa 6, na wasomaji wa nje hutumiwa kazi zako kiangazi kinachotangulia. Makala zinapaswa kuwa zimekubaliwa kufikia mwaka wa 5, kwa hiyo data ya utafiti mkuu iwe mkononi mwaka wa 3. Miaka miwili ya mwanzo ikimezwa na kozi mpya na fomu, hakuna kitakachoiva. Wanaofaulu huingia wakiwa na makala 2 au 3 kutoka kwenye tasnifu, huongeza kazi za data iliyokwisha kukusanywa, na huahirisha afua kubwa za shuleni hadi mwaka wa pili. Majarida yanayoheshimiwa hayazidi vidole vya mikono: Journal of School Psychology, School Psychology Review, School Psychology ya APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani), Psychology in the Schools, na machache ya elimu maalumu na afya ya akili shuleni.

Kuhusu ruzuku, nguzo ya miaka mingi ilikuwa IES, taasisi ya sayansi ya elimu ya serikali kuu iliyoundwa 2002. Mwaka 2025 wafanyakazi wake walipunguzwa sana, kwa hiyo chuo kinachokudai ruzuku kubwa ya serikali kuu kama sharti la ajira ya kudumu kinakuahidi kazi kwa sarafu isiyo mfukoni mwake. Omba sharti hilo liandikwe kama «kutafuta» fedha za nje, si «kupata».

Mshahara hatuupambi. Ni wa miezi 9, kiangazi unajitafutia, na mwanasaikolojia mzoefu katika wilaya inayolipa vizuri anaweza kumzidi profesa anayeanza. Anayekuja kwa ajili ya fedha amepotea njia.

Namna ya kuipata: matangazo mengi hutoka Agosti hadi Oktoba, mahojiano ya video hufuata, ziara za chuoni huwa kati ya Novemba na Februari. Bahasha ya maombi ina barua ya kurasa 2, wasifu, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, makala 2 au 3 na majina ya wadhamini 3. Kinachoangusha wengi ni barua moja iliyotumwa vyuo 15: chuo cha kufundishia kinapoona aya nne za utafiti na mstari mmoja wa kozi, kinaweka kando. Taja kozi zao unazoweza kuzibeba, na upimaji ukiwamo umekaribia mlango. Ziara huchukua siku moja na nusu au mbili: mhadhara wa utafiti wa dakika 45 hadi 50, somo la mfano, mkuu wa kitivo, wanafunzi, na mlo ambao bado ni mahojiano, hata wakikwambia ustarehe.

Leseni ya mwanasaikolojia isikupite. Programu za uzamivu zenye ithibati ya APA hutaka wahadhiri wa kusimamia mafunzo wenye leseni au wanaoielekea. Kila jimbo lina sheria yake. Mtihani wa leseni hiyo ni EPPP, na majimbo mengi hudai saa za kazi chini ya usimamizi baada ya shahada. Ni rahisi kuzimaliza kabla ya kuanza kuliko baada, kwani kufundisha hakuhesabiwi sawa na kuhudumia.

Ofa ikija, usikimbilie mshahara peke yake. Dai kwa maandishi kozi 1 pungufu kwa kila muhula wa mwaka wa kwanza. Kozi ya upimaji ihesabiwe zaidi ya krediti 3 au ije na msaidizi. Idadi ya wanagenzi utakaowasimamia. Kutopewa uratibu kabla ya ajira ya kudumu. Fedha za kuanzia zisizoisha muda mwaka wa kwanza. Na nani ananunua vipimo. Hili la mwisho hudharauliwa sana: vifaa vya upimaji ni ghali, hubadilika toleo, na toleo jipya likitoka programu nzima hulazimika kuhama. Bajeti hiyo ikiwa haina mwenyewe, itakula fedha zako za utafiti. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka naye akibadilishwa.

Wakati wa ziara utapewa nusu saa na wanafunzi bila wahadhiri. Usiitumie kuwauliza kama wanaupenda mji. Waulize fomu yao ya kwanza ya upimaji hurudishwa baada ya siku ngapi, na ni nani aliyeisahihisha. Ikirudi ndani ya wiki, programu ina mikono ya kutosha. Wakitazamana kwanza kabla ya kujibu, rudi kwenye mkataba na usome upya kifungu cha mzigo wa kazi.